UZI: Mtoto anayetolewa nje ya darasa kila siku, anaadhibiwa au analipwa?

#1 Chaki ya Njano

Wakuu, salaam.

Nimefundisha shule ya msingi muda mrefu, na miaka ya karibuni nimepewa pia jukumu la wale wanafunzi ambao majina yao yanajulikana hadi ofisi ya mkuu wa shule. Mnawajua. Kuna anayepiga wenzake, anayemjibu mwalimu, anayechana madaftari, anayeangua kilio kwa jambo ambalo wewe hulioni. Na kuna yule ambaye hajawahi kumsumbua mtu, ila hajaongea na mtu pia. Humu ndani nyuzi za kulalamikia "watoto wa siku hizi" zimejaa. Huu nataka uwe wa kuzungumzia cha kufanya kesho kengele ikigonga.

Hoja yangu ni moja. Tabia inayojirudia inampa mtoto faida fulani. Ukiadhibu bila kuijua hiyo faida, mara nyingi wewe mwenyewe ndiye unayeitoa.

Mfano (mambo nimeyachanganya ili mtoto asitambulike). Mvulana wa darasa la nne, sifa zake: mkorofi, hasikii, "analipuka tu bila sababu". Nilimwomba mwalimu wake aache kuandika "amefanya fujo" kwenye daftari la nidhamu, badala yake aandike mambo matatu: kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Ukurasa ukawa hivi:

"Kusoma. Wanasoma kwa sauti kwa zamu, wamebaki wawili wamfikie. Amemsukuma aliye mbele yake. Nimemtoa nje."

"Hisabati. Kujumlisha. Amefanya zote, ametulia."

"Sayansi. Wanapokezana kusoma kifungu. Ametupa kitabu cha jirani dirishani. Nimemtoa nje."

"Hisabati. Swali la maneno, nimemwita alisome mbele. Ameanza kuimba. Nimempeleka ofisini."

Mwalimu aliposoma ukurasa wake mwenyewe, hakuhitaji nimweleze kitu. Mtoto hajui kusoma. Darasa la nne, hajui kusoma, na wenzake hawajui kwamba hajui. Kwake yeye kuitwa mkorofi ni nafuu kuliko kuonekana mjinga mbele ya watu, na kila akitolewa nje anapata alichokitaka: zamu yake inarukwa.

Tulichofanya hakikuhitaji bajeti. Kusoma kwa kufuata mstari wa madawati kulifutwa. Akawa anapewa sentensi zake jana yake, anazipitia pembeni na mwalimu, kesho anaitwa asome zile zile. Akapewa kadi ndogo ya kuweka juu ya dawati akizidiwa, anatoka dakika chache kisha anarudi. Na kubwa kuliko yote, akaanza kufundishwa kusoma tangu mwanzo, silabi kwa silabi, saa ambayo wenzake hawapo.

Kuna watakaokasirikia hiyo kadi: "kwa hiyo mnamruhusu kukwepa?" Ndiyo, kwa muda. Alikuwa anakwepa tayari, kwa njia ya kuumiza wenzake. Kadi inampa kile kile kwa njia isiyomgharimu mtu, halafu uwezo wa kusoma ukiongezeka haja ya kadi inapungua yenyewe.

Si kila mtoto anakwepa. Mwingine anatafuta kuonwa, na kufokewa mbele ya darasa ni kuonwa vilevile. Mwingine amegundua kwamba akipiga kelele anapewa mpira. Mwingine kelele za darasa zinamtesa mwili wake wenyewe, anaziba masikio na kuanza kujitikisa. Watoto wanne wanaweza kutupa kitabu kwa sababu nne tofauti, na dawa ya mmoja ikamharibu mwingine. Yule anayekwepa, ukimpuuza, umemsaidia kukwepa. Yule anayetaka kuonwa, ukimkalisha chini na kumhoji nusu saa, umemlipa.

Hili si jambo nililolibuni mimi. Marekani iliporekebisha sheria yake ya elimu ya watoto wenye ulemavu mwaka 1997, iliagiza shule zifanye uchunguzi wa aina hii pale mtoto kama huyo anapoondolewa shuleni zaidi ya siku 10 kwa makosa ya nidhamu. Yaani kabla hujaendelea kumfukuza, eleza kwanza tabia hiyo inamfanyia kazi gani.

Naomba kuwasilisha. Walimu na wazazi, karibuni.

#2 Zamani Shule

Mkuu, maelezo mazuri, lakini mnatuharibia watoto. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Sisi tulichapwa na tukanyooka, leo ni watu wazima wenye kazi zetu. Huyo wa kuimba darasani fimbo mbili tu zingetosha. Sasa anapewa kadi ya kutoka nje, kesho ataomba na soda.

#3 Chaki ya Njano

Mkuu Zamani, soda bado hajaomba, akiomba nitakujulisha 😄

Tuzungumze kwa hoja. Mtoto hajui kusoma. Umemchapa fimbo mbili. Kesho zamu ya kusoma imefika tena, na bado hajui kusoma. Umepata nini? Labda ataacha kuimba, aanze kutoroka. Hapo umefunika sufuria kwa nguvu na moto uko vilevile.

"Tulichapwa tukanyooka" tunasema sisi tulionyooka. Wale walioacha shule darasa la tano hawapo humu kutoa ushahidi wao.

Kama unataka tafiti: mwaka 2016 Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor walijumuisha tafiti 75 kuhusu watoto wanaochapwa na wazazi wao, jumla ya watoto wapatao 160,000. Kuchapwa kuliambatana na ukali zaidi, utovu wa nidhamu zaidi na matatizo zaidi ya kiakili. Faida ya muda mrefu haikuonekana. Unaweza kusema labda wale wakorofi ndio wanaochapwa zaidi, na ni swali halali. Lakini hata ukilikubali, utaona kuwa fimbo haikuwapunguzia ukorofi.

Na Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 28, unataka nidhamu ya shule isimvunjie mtoto utu wake. Nchi karibu zote duniani zimeuridhia.

#4 Mama wa Mkimya

Asante kwa uzi. Mimi wangu ni kinyume cha hao. Ana miaka sita. Nyumbani anaongea mpaka tunachoka, anaimba, anagombana na dada yake. Shuleni hajatamka neno tangu aanze, na mwaka unaelekea kuisha. Mwalimu anasema ni mtoto mzuri, mpole, hana shida yoyote. Akitaka kwenda chooni hasemi, mara nyingine anajikojolea. Ndugu wanasema ana kiburi. Nifanyeje?

#5 Daftari la Kijani

Pole dada. Mimi ni mshauri nasaha shuleni, naomba nikujibu kwa kirefu, kwa sababu watoto kama wako ndio wanaosahaulika. Wa kurusha viti hupelekewa kila mtu, wa kunyamaza hupewa alama ya "tabia njema" kwenye ripoti.

Mtoto anayeongea vizuri nyumbani na kunyamaza kabisa shuleni kwa kawaida anabanwa na woga. Anaweza kutaka kuongea na koo likagoma. Si kiburi. Wataalamu huangalia kama hali imedumu angalau mwezi mmoja, na mwezi wa kwanza wa kuanza shule hawauhesabu, maana watoto wengi hunyamaza wakiwa wageni. Wako amepita huko siku nyingi, kwa hiyo usiendelee kungoja akue.

Cha kwanza ni kuacha kumshurutisha. Hakuna "sema asante kwanza ndipo nikupe", hakuna kumpa zawadi kubwa mbele ya darasa akitamka neno, na akitamka, hakuna kumshangilia. Hilo la mwisho walimu wengi hawaliamini. Mtoto huyu anaogopa macho ya watu, na ukipiga makofi umemgeuzia macho yote.

Suala la choo limalizeni wiki hii hii. Mpeni picha au kitambaa cha kuonyesha, au akubaliwe kuinuka na kwenda bila kuomba.

Kisha mnaanza kujenga taratibu. Mtu anayeongea naye nyumbani, yaani wewe, unakuja shuleni wakati darasa ni tupu, mnacheza mchezo wa kuhesabu au kadi. Akizoea kuongea na wewe mle ndani, mwalimu anaingia na kufanya kazi zake kwenye kona ya mbali bila kumtazama. Siku nyingine anasogea meza moja. Siku nyingine anakaa karibu. Baadaye anaingia kwenye mchezo, wewe unapunguza maneno yako, halafu unaondoka dakika moja. Baada ya mwalimu anaongezwa mtoto mmoja anayempenda. Kila hatua inasubiri ile iliyotangulia iwe rahisi kwake. Ukiruka hatua ananyamaza, mnarudi nyuma mlipotoka. Si msiba, ni kawaida.

Wakati huo mwalimu aendelee kuzungumza naye bila kudai jibu. "Naona umechora nyumba yenye mlango mwekundu." Halafu anapita zake. Maswali ya kuchagua ni bora kuliko ya kujieleza: "unataka penseli au rangi?", naye anaonyesha kwa kidole.

Na kama kuna mtaalamu wa lugha na matamshi au mwanasaikolojia wa watoto unayeweza kumfikia, mpeleke. Umri huu ndio mzuri.

Kwa walimu wengine wanaosoma: Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mmoja kati ya vijana 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Darasani kwako wapo. Wengi hawapigi kelele. Angalia aliyebadilika: aliyekuwa anacheza amekaa peke yake kwa wiki kadhaa, aliyekuwa anafaulu ameanza kushuka, mikono imefunikwa siku ya joto, mtoto anagawa vitu vyake anavyovipenda. Ukihisi anawaza kujidhuru, muulize wazi wazi, kwa faragha na kwa utulivu. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo, kunampa pa kulisemea. Akikubali, hiyo si siri ya kuwekeana: usimwache peke yake, na siku hiyo hiyo mzazi na mhudumu wa afya wajue.

#6 Mama wa Mkimya

Nimesoma hadi machozi yamenitoka. Hilo la kitambaa naenda nalo kesho. Ubarikiwe sana.

#7 Kipindi cha Sita

Wakuu mnaongea vizuri, ila mnatuongelea walimu wenye watoto kumi na tano darasani. Mimi nina darasa lililofurika, madawati matatu wanakaa watano watano, na wakorofi si mmoja. Nikianza kuandika kilichotangulia na kilichofuata kwa kila mtoto, nitafundisha saa ngapi?

#8 Chaki ya Njano

Swali la haki kabisa, mwalimu. Usiandike kwa kila mtoto. Chagua mtoto mmoja, tabia moja, na kipindi kile kinachokuumiza zaidi. Alama tatu kwenye kona ya andalio la somo zinatosha. Ukimaliza huyo ndipo unahamia kwa mwingine. Na mara nyingi utakuta huyo mmoja ndiye anayewasha wengine wanne.

Kwa darasa zima uko mchezo mmoja wa zamani ambao nadhani haujapata sifa zake. Ulibuniwa Marekani mwaka 1969 na mwalimu mmoja aliyekuwa na darasa la nne lililomshinda, akishirikiana na watafiti wawili. Unagawa darasa makundi mawili au zaidi. Unasema kanuni chache, zinazoonekana kwa macho: hakuna kuinuka bila ruhusa, hakuna kupiga kelele. Mtu akivunja, kundi lake linapata alama ubaoni, bila hotuba na bila kumtaja jina. Makundi yote yaliyobaki chini ya idadi mliyokubaliana yanashinda, hata kama ni yote. Zawadi ni kitu kidogo: kutoka kwanza mapumziko, dakika chache za hadithi. Unaanza na dakika kumi tu kwa siku.

Ni rahisi mno mpaka watu wanaudharau. Lakini katika jiji la Baltimore walimu wa darasa la kwanza waliutumia katikati ya miaka ya 1980, na watafiti wakawafuatilia watoto wale hadi utu uzima. Wavulana waliokuwa wakali zaidi tangu mwanzo, wale waliocheza mchezo ule walionekana kuwa na matatizo machache ya dawa za kulevya kuliko wenzao ambao hawakucheza. Kwa alama za chaki ubaoni.

Tahadhari moja: usikubali kundi zima limgeukie mtoto mmoja na kumchukia kwa kuwapotezea alama. Ukiona mmoja anavunja makusudi, mfanye awe kundi lake peke yake kwa muda, kimya kimya.

Tahadhari ya pili ni kwa mnaoamua kumpuuza mtoto anayetafuta kuonwa. Siku za kwanza atazidisha. Alikuwa anagonga dawati, sasa atapanda juu yake. Walimu wengi hukata tamaa hapo hapo na kusema njia imeshindwa, wanamgeukia na kumfokea, na mtoto anajifunza kwamba sasa bei ni kupanda dawati. Kama huwezi kuvumilia hicho kipindi, au tabia yenyewe inaumiza watu, usianze kabisa kupuuza. Na kupuuza peke yake hakutoshi: lazima umwone kwa bidii anapofanya jambo la maana. "Umefungua daftari kabla sijasema" ina nguvu kuliko "vizuri sana", kwa sababu anajua ni kipi arudie. Wanafunzi wakubwa wa sekondari uwasifie pembeni au kwa karatasi, sifa ya mbele za watu inawafedhehesha.

#9 Sindano Haiumi

Nachangia kutoka upande wa zahanati. Kabla hamjamwita mtoto mtukutu au mvivu, hakikisheni anasikia na kuona. Maji yakijaa nyuma ya ngoma ya sikio, usikivu hushuka na kupanda: leo anasikia, kesho hasikii. Mwalimu anasema "anasikia anapotaka". Nimekutana nao wengi.

Kingine ni kifafa cha kukodoa macho. Mtoto anakatika katikati ya sentensi, anatazama hewani sekunde chache, kope zinachezacheza, kisha anaendelea kama hakuna kilichotokea. Inaweza kumjia mara nyingi kwa siku, naye anafokewa kwa kuota ndoto darasani. Ukimgusa au kumwita wakati huo haitikii, tofauti na aliyepotelea kwenye mawazo. Kina matibabu.

Na usingizi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 kwa usiku. Aliyepata saa sita tu za usingizi hasinzii tu, wengi wanakuwa wakali na hawatulii, hadi wanafanana na mwenye ADHD, ile hali ya kushindwa kutulia na kuzingatia. ADHD ya kweli huanza kuonekana kabla ya miaka 12 na inaonekana sehemu zaidi ya moja. Mtoto anayeshindwa kutulia kipindi kimoja tu, kwa mwalimu mmoja tu, mchunguzeni kipindi na mwalimu kwanza.

#10 Kipindi cha Sita

Hilo la mwisho umelirusha kwetu kiaina 😂 lakini ujumbe umefika. Mchezo wa makundi naujaribu.

#11 Baba Anaitwa Tena

Mimi niko upande wa pili wa meza. Naitwa shuleni mara kwa mara mpaka kazini wameanza kuninung'unikia. Naingia ofisini, nakuta walimu wanne wamekaa upande mmoja, mimi na mwanangu upande wa pili. Linafunguliwa daftari, yanasomwa makosa yake kuanzia mwanzo wa muhula. Mtoto anaangalia chini, mimi naangalia chini. Mwisho naambiwa "mzazi, ongea na mtoto wako". Nimeongea naye. Nimemnyima televisheni, simu, mpira. Hakuna nilichobakiza cha kumnyima. Mnataka mzazi afanye nini ambacho hajafanya?

#12 Chaki ya Njano

Mkuu, pole, na asante kwa kulisema. Kikao cha namna hiyo ni cha kumpa mzazi aibu, na mzazi mwenye aibu ama anampiga mtoto njiani ama anaacha kupokea simu ya shule.

Mambo ya kudai, kwa upole. Kwanza, mwalimu mmoja tu wa kuzungumza naye, sio wanne. Pili, aanze na kitu ambacho mtoto anakiweza. Kama hawezi kutaja hata kimoja, hamjui mtoto huyo bado. Tatu, uliza lini hafanyi fujo. Kipindi gani, na nani, amekaa wapi. Majibu ya hapo yana faida kuliko daftari zima la makosa.

Nne, kosa la shuleni limalizwe shuleni. Mtoto aliyeadhibiwa saa nne asubuhi halafu akaadhibiwa tena jioni nyumbani kwa jambo lile lile hana sababu ya kujitahidi mchana.

Badala yake ombeni kadi ya kila siku. Karatasi moja yenye mambo mawili au matatu, yaliyoandikwa kwa kutenda: "nimeanza kazi bila kukumbushwa zaidi ya mara moja", "nimeweka mikono yangu kwangu". Kila kipindi mwalimu anatia alama. Akifika nyumbani unahesabu alama, akifikia kiwango anapata kitu cha siku hiyo hiyo: kuchagua hadithi, kucheza mpira nawe, nusu saa ya televisheni ile uliyomnyima. Asipofikia, unasema "kesho tena", basi. Kiwango cha kwanza kiwe cha chini kiasi kwamba karibu ana uhakika wa kukipata. Watu wanakosea hapa kwa kuanzia juu. Mtoto ambaye hajashinda chochote siku nyingi hataamini kadi yako mpaka aonje ushindi.

Halafu kuna wakati mwenyewe wa mlipuko. Mtaalamu wa elimu Geoffrey Colvin amezipanga hatua zake saba: utulivu, kichokozi, wasiwasi, kupanda, kilele, kushuka, kupona. Nafasi ya kumsaidia ipo mwanzoni, pale unapoona miguu inatikisika au ameanza kuuma penseli. Mtume akapeleke kitu ofisi ya pili. Mpe kazi rahisi. Sogea karibu bila kusema. Akishafika kileleni hasikii maelezo, kwa hiyo maneno yawe machache, sauti iwe chini, usisimame mlangoni ukamziba, na ni rahisi zaidi kuwatoa wenzake kuliko kumkamata yeye.

Shule nyingi zinaharibu kwenye kushuka. Mtoto ameanza kupumua, mwalimu anamwambia "haya, omba msamaha sasa hivi", na moto unawaka upya. Mwache. Mpe maji, kazi ya mikono isiyo na maswali. Mazungumzo yaje baadaye, pengine mchana au kesho, nayo yawe mafupi: nini kilitokea, ulikuwa unataka nini, wakati mwingine ufanyeje ukipate, na nani tumtengenezee. Kumtengenezea aliyeumizwa ni lazima. Kama amechana daftari la mwenzake, anakaa na kumnakilia kurasa zile.

#13 Daftari la Kijani

Naongezea kwa wakuu wa shule, kama wapo humu. Kuna watoto ambao hata kadi na mchezo haviwafikii, kwa sababu hawajawahi kupata mtu mzima anayetabirika. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, mwanasaikolojia Marjorie Boxall alikuwa London akipokea idadi kubwa ya watoto wadogo walioshindwa kukaa darasani. Akaanzisha vikundi vidogo ndani ya shule zile zile: watoto wachache tu, watu wazima wawili, chumba chenye meza ya kulia na viti vya kujilaza pamoja na madawati. Wanapanga meza pamoja, wanakula pamoja, wanajifunza kungoja zamu kwenye mkate kabla ya kungoja zamu kwenye swali. Watu wazima wawili kwa makusudi, ili mtoto aone wakubwa wawili wakitofautiana bila kupigana.

Ninachokipenda ni kwamba mtoto anabaki kwenye daftari la mahudhurio la darasa lake, anaingia huko sehemu ya siku, na lengo ni arudi moja kwa moja ndani ya mihula michache. Haigeuki darasa la kutupia walioshindikana. Shule isiyo na chumba cha ziada bado inaweza kuiga kiini chake: mtu mzima yule yule, mlango ule ule, dakika chache kila asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza na tena kabla ya kwenda nyumbani.

Kwa mnaotaka kupima kama hali inabadilika, lipo dodoso la maswali 25 lililotungwa na daktari Robert Goodman mwaka 1997. Mzazi anajaza, mwalimu anajaza, na kuanzia miaka 11 mtoto mwenyewe anajaza. Lina maswali ya hisia, mwenendo, kutulia, kuelewana na wenzake na wema kwa wengine. Pale mzazi na mwalimu wanapotofautiana sana ndipo pa kuchimba. Halimpi mtoto jina la ugonjwa, na msilitumie hivyo.

#14 Baba Anaitwa Tena

Nimenakili yote ya #12. "Kuchagua hadithi" nimeibadilisha, wangu ana miaka kumi na moja, amechagua yeye mwenyewe kupewa funguo ya kufungulia geti jioni. Sijui ni kwa nini anaipenda hiyo, lakini sawa.

#15 Zamani Shule

Bado sijakubali yote, nimesoma tu. Swali langu la mwisho. Watoto wengine thelathini na kitu wanamwona mwenzao anatoka na kadi, anapewa sentensi mapema, baba yake anacheza naye mpira kwa kuwa hajapiga mtu. Wao hawakupiga mtu tangu wazaliwe na hawapewi chochote. Mtawaambia nini?

#16 Chaki ya Njano

Hilo ndilo swali zuri kuliko yote kwenye uzi huu, na watoto wenyewe huliuliza siku ya kwanza: "mbona yeye?"

Kwetu, waliuliza. Mwalimu alijibu: "Kila mmoja humu anapata anachokihitaji. Wewe unahitaji nini?" Darasa likanyamaza, halafu msichana mmoja akasema hawezi kuona ubao kutoka alipokaa. Hakuwahi kusema. Mwingine akaomba asikae karibu na mtu fulani. Wengi hawakuomba kitu, walitaka tu kuulizwa.

Kadi za kutoka sasa zipo mezani kwa mwalimu, yeyote anayezidiwa anachukua. Wiki ya kwanza zilichukuliwa ovyo, hilo sitakuficha, kila mtu alitaka kuijaribu. Ikapoa. Siku hizi kuna wanaoitumia ambao hakuna mtu angewadhania.

Na mkuu, wale waliotulia nao wana haki ya kipindi kisichokatizwa. Mvulana wetu alipoacha kutolewa nje, waliofaidika wa kwanza walikuwa wao, maana mwalimu sasa anamaliza somo.